Maswali ya Wasomaji: Mateka wa Entebbe na Mgogoro wa Mwaka 1976

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Kila ninapofundisha habari za mateka wa Entebbe, wanafunzi huniuliza jambo moja ambalo nashindwa kulikata. Je, Serikali ya Uganda ya wakati ule ilikuwa mpatanishi kati ya watekaji na Israeli, kama ilivyodai yenyewe, au ilikuwa upande wa watekaji? Hata nyumbani kwetu baba alisema hivi na mjomba akasema vile. Naomba jibu lenye ushahidi.
Mwalimu, Tororo

JIBU: Mwalimu wetu, tuanze na yale yasiyobishaniwa. Jumapili tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France, safari namba 139, iliruka kutoka Tel Aviv kwenda Paris. Iliposimama Athens kuchukua abiria wengine, walipanda humo watu wanne waliokuwa na silaha walizozificha: Wapalestina wawili wa tawi la chama cha wapiganaji wa Kipalestina, PFLP, lililoongozwa na Wadie Haddad, na Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Haukupita muda wakaiteka, wakaipeleka Benghazi nchini Libya ilikojazwa mafuta, na Jumatatu tarehe 28 ikatua Entebbe ikiwa na watu zaidi ya 240. Watekaji walidai wafungwa 53 waachiliwe, 40 kati yao wakiwa Israeli na waliobaki wakiwa Kenya, Ujerumani Magharibi, Uswisi na Ufaransa, tena walipwe dola milioni 5. La sivyo wangeanza kuua mateka tarehe 1 Julai.

Serikali ya Idi Amin ilijitetea kwamba haina lawama yoyote kwa kuiruhusu ndege itue. Juma Oris, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba ndege ilipokewa kwa sababu za kibinadamu kwa kuwa mafuta yake yalikuwa yakiishia, na nchi yoyote yenye utu ingefanya vivyo hivyo badala ya kuiacha ianguke ziwani na watu wake. Swali lako, Mwalimu, linahusu yaliyofuata baada ya magurudumu kugusa ardhi yetu.

Yaliyofuata ni haya. Watekaji wanne walikuta wenzao wakiwasubiri Entebbe, nao wakaingia katika jengo la abiria wakiwa na silaha bila kuzuiwa na mtu. Wanajeshi wa Uganda walilizunguka jengo lile, lakini kazi yao ikawa kuwazuia mateka wasitoke, si kuwabana watekaji wasidhuru. Ndani ya ulinzi huo, watekaji waliwatenga Waisraeli na abiria wengine, majina yakisomwa na Mjerumani, mmoja baada ya mwingine, wakapelekwa chumba cha pili. Miongoni mwa abiria wale walikuwamo watu walionusurika katika kambi za mauaji za Hitler, na ilikuwa imepita miaka 31 tu tangu kambi hizo zifungwe. Siku mbili zilizofuata, tarehe 30 Juni na tarehe 1 Julai, abiria karibu 150 wasio Waisraeli waliachiliwa wakasafirishwa Paris. Rubani Michel Bacos na wafanyakazi wenzake 11 wa ndege walikataa kuondoka na kuwaacha abiria wao nyuma. Wakabaki mateka 106.

Amin mwenyewe aliwatembelea mateka mara kadhaa, akawaambia kwamba anahangaika ili waachiliwe na kwamba ukaidi ulikuwa wa serikali yao. Ni kweli kwamba muda wa mwisho ulisogezwa mpaka tarehe 4 Julai, na yeye alijipa sifa kwa hilo. Wakati huo alikuwa akimaliza zamu ya uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na alitakiwa kwenda Mauritius kumkabidhi kiti Seewoosagur Ramgoolam, hivyo kusogezwa kwa tarehe kulimfaa yeye pia. Hata hivyo, mpatanishi hupimwa kwa anachokifanya na uwezo alionao. Mtu mwenye jeshi zima, mbele ya watekaji wasiozidi kumi, ndani ya uwanja wake mwenyewe, halafu akayapeleka mbele madai yao kana kwamba hana mkono katika jambo hilo, huyo hawezi kuitwa mpatanishi. Kwa hiyo mjomba au baba, yeyote aliyesema kwamba Serikali ilikuwa upande wa watekaji, ndiye aliyesema kweli. Labda kwa saa chache za mwanzo mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Ilipofika siku ya kutenganishwa abiria, njia ilikuwa imekwisha kuchaguliwa.

Wanafunzi wako wakiuliza sababu, warudishe nyuma miaka minne. Israeli ilikuwa rafiki mkubwa wa Uganda katika miaka ya 1960, na hata Amin alipotwaa madaraka Januari 1971. Wakufunzi wa Israeli walilifundisha jeshi letu, Amin mwenyewe alipata mafunzo ya parashuti kwao, na kampuni ya Kiisraeli, Solel Boneh, ilifanya kazi za ujenzi katika uwanja wa Entebbe. Mwezi Machi 1972 Amin aliwafukuza Waisraeli wote na kujisogeza kwa Libya. Urafiki uliovunjika namna hiyo ulikuwa na matokeo mawili mwaka 1976: ulimfanya apendelee kuonekana shujaa wa upande wa pili, na ulikuwa umewaachia Waisraeli ramani na kumbukumbu za uwanja ambao sasa ulikuwa gereza la watu wao.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai, karibu na saa sita, ndege za jeshi la Israeli aina ya Hercules zilizoruka karibu kilomita 4,000 kutoka Sharm el-Sheikh zilitua Entebbe. Ya kwanza ilimwaga Mercedes nyeusi iliyofananishwa na gari la Rais. Habari za mapigano hayo zimekwisha kusimuliwa mno, nami sitazirudia. Watekaji wote waliokuwapo waliuawa. Mateka watatu walikufa kwa risasi za mapambano, mateka 102 wakarudi kwao, na Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, aliyeongoza kikosi cha mbele, aliuawa. Upande wa Uganda idadi inayotajwa mara nyingi ni wanajeshi 45, pamoja na ndege za kivita zilizolipuliwa zikiwa chini. Ningependa wanafunzi wako waifikirie idadi hiyo pia. Vijana wale walipangwa zamu na wakubwa wao, hawakuulizwa kama wanakubali kuwalinda watekaji, na wengi wao majina yao hayasomwi popote kila mwezi wa Julai unapowadia.

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Nyumbani kwetu ni Mukono, si mbali na mashamba ya miwa. Wazee husema kwamba katika mashamba ya upande huu palizikwa mama wa Kizungu aliyetolewa Hospitali ya Mulago wakati wa Amin, na kwamba kwa ajili yake Waingereza walifunga ubalozi. Je, ni kweli, au ni hadithi?
Msomaji, Mukono

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na kati ya yote yaliyotokea wiki ile, hili ndilo ninaloona uzito wake mkubwa kupita mengine.

Jina lake lilikuwa Dora Bloch. Alikuwa bibi wa miaka zaidi ya 70, raia wa Israeli na wa Uingereza kwa pamoja, na alikuwa safarini na mwanawe kwenda harusini Marekani. Akiwa mateka Entebbe, chakula kilimkwama kooni, akapelekwa Mulago kutibiwa. Madaktari na wauguzi wetu walimhudumia kama mgonjwa mwingine yeyote, na hilo lazima lisemwe kwa heshima yao. Makomando walipokuja usiku ule, mwanawe aliokolewa pamoja na wenzake, yeye akabaki kitandani umbali wa kilomita karibu 40 kutoka uwanja wa ndege.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 4 Julai, ofisa wa Ubalozi wa Uingereza, Peter Chandley, alifika Mulago akamwona akiwa hai na kuzungumza naye. Aliondoka kwenda kumtafutia chakula kinachomfaa, na aliporudi hakuruhusiwa kuingia. Baadaye siku hiyo Dora Bloch aliburutwa kutoka wodini akiwa anapiga kelele, mbele ya wagonjwa na wafanyakazi, akapelekwa kuuawa. Tunalijua hili hasa kutoka kwa Henry Kyemba, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya, na aliyetoroka nchi mwaka 1977 akaeleza aliyoyajua kuhusu utawala ule.

Serikali ya Amin ilijibu kwamba mama huyo alikuwa amerudishwa Entebbe kabla ya uvamizi, na kwa hiyo Waisraeli waulizwe wao wenyewe alipo. Jibu hilo halikuweza kusimama hata siku moja, kwa sababu ofisa wa ubalozi alikuwa amemwona Mulago baada ya ndege za Israeli kuondoka. Badala ya kusahihisha kauli, Serikali ilimfukuza nchini ofisa huyo aliyesema alichokiona kwa macho yake. Uingereza iliendelea kuuliza kwa wiki tatu bila kupata jibu la kweli, na tarehe 28 Julai 1976 ilitangaza kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvunja uhusiano na nchi mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na mara ya kwanza kuvunja na nchi yoyote tangu Albania mwaka 1946. Ufaransa ndiyo iliyoachiwa kuangalia masilahi ya Waingereza hapa.

Tuipime hatua hiyo vizuri. Uingereza ilikuwa imevumilia mengi: kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, wengi wao wakiwa na pasipoti zake, kutaifishwa kwa kampuni zake, na matusi ya hadharani kwa viongozi wake. Yote hayo hayakuvunja uhusiano. Uhusiano ulipovunjika, ulivunjika kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Wapo Waganda wanaosema, tena kwa uchungu wa haki, kwamba maelfu ya wenzetu walikuwa wakitoweka wakati huohuo na hakuna aliyefunga ubalozi kwa ajili yao. Wanasema kweli, na hilo halipunguzi chochote katika ubaya wa kilichotendwa Mulago.

Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumwondoa Amin, karibu na shamba la miwa kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Kampala, katika barabara ya Jinja. Yalipelekwa Israeli, akazikwa Jerusalem. Wazee wenu hawakukudanganya. Mwaka huohuo Uingereza ilirejesha uhusiano na Uganda.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mfanyabiashara, na mama yangu alizaliwa upande wa pili wa mpaka. Kwetu husimuliwa kwamba mwaka 1976 ndugu zake mama walikimbia usiku kutoka Kampala kwa sababu ya ndege za Waisraeli. Kenya iliingiaje katika ugomvi usio wake?
Mama Mfanyabiashara, Busia

JIBU: Kenya ilikuwa imeingia hata kabla ya ndege kutekwa, Mama. Mwezi Januari 1976 kulikuwa na njama ya kuitungua ndege ya El Al, shirika la ndege la Israeli, jijini Nairobi kwa kombora la begani. Watuhumiwa watano walikamatwa, Wapalestina watatu na Wajerumani wawili, na wakakabidhiwa kwa Israeli kimyakimya. Hao ndio wafungwa ambao watekaji wa Entebbe waliidai Kenya. Mwezi Februari mwaka huohuo Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, mpaka karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda kabla ya wakoloni kuhamisha mpaka. Wakenya walikasirika sana, na makuli wa Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Kwa hiyo kufikia Juni majirani hawa wawili walikuwa hawasalimiani vizuri.

Ndege za Israeli zilipotoka Entebbe zilikwenda Nairobi kujaza mafuta, na huko tayari kulikuwa na ndege nyingine iliyoandaliwa kama hospitali. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilisema iliruhusu hayo kwa ubinadamu tu na kwamba haikushiriki katika uvamizi. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeirahisisha njia ni Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya. McKenzie aliuawa Mei 1978, ndege yake ilipolipuka angani karibu na milima ya Ngong akirudi kutoka kuonana na Amin.

Amin hakuweza kuifikia Israeli. Aliowafikia ni Wakenya waliokuwa ndani ya Uganda: makarani, mafundi, wauza samaki, wafanyakazi wa reli na wa uwanja wa ndege, watu waliokuwa wakiishi hapa kwa miaka mingi chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo mtu wa Kisumu kufanya kazi Kampala lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mamia waliuawa katika siku zilizofuata. Idadi inayotajwa zaidi ni 245, wakiwamo wafanyakazi wa uwanja wa Entebbe. Watu wapatao 3,000 walikimbia, na ndugu za mama yako walikuwa miongoni mwao. Wao hawakuwa na habari za ndege wala za wafungwa, na hakuna Baraza lililokutana New York kuwajadili wao. Katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani wamepewa sentensi moja, wakati waliokufa hivyo ni wengi kupita wote waliokufa uwanjani usiku ule. Naliona hilo ni deni ambalo waandishi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulilipa, maana mashahidi wanazidi kupungua pande zote mbili za mpaka wenu.

Kenya nayo ilijibu kwa silaha iliyokuwa nayo, yaani barabara. Mafuta yetu, wakati ule kama leo, yalipitia bandari ya Mombasa. Kenya ilianza kudai bidhaa zilipiwe kwa fedha yake, na petroli ikakatika. Wanaokumbuka foleni za Januari 2022, wakati madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, wanaweza kukisia hali ya Kampala ya Julai 1976, yenye uchumi uliokuwa umekwisha kudhoofika. Amin alitishia vita, Marekani ikapeleka manowari yake Mombasa kuonyesha iko upande gani, lakini petroli ndiyo iliyomleta mezani. Mwezi Agosti pande hizo mbili zilipatana jijini Nairobi kwa usuluhishi wa OAU. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ilikuwa na magonjwa yake mengine, ya fedha na ya siasa kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ila mwaka 1976 uliiondolea nguvu iliyokuwa imebaki.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasomea sheria. Umoja wa Mataifa uliamua nini: Israeli ilikuwa na haki kuingia Uganda kwa silaha, au haikuwa nayo?
Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Haukuamua. Baraza la Usalama lilikutana tarehe 9 hadi 14 Julai 1976 kwa ombi la nchi za Afrika. Katibu Mkuu, Kurt Waldheim, alikuwa amekwisha kusema kwamba uvamizi ule ulikuwa uvunjaji mkubwa wa mamlaka ya nchi mwanachama. Balozi wa Israeli, Chaim Herzog, alijibu kwamba nchi ina haki ya kuwaokoa raia wake walio katika hatari ya kuuawa ikiwa mwenyeji hawezi au hataki kuwalinda. Balozi wa Marekani, William Scranton, alikubali kwamba mipaka ya Uganda ilivunjwa kwa muda, lakini akasema haki hiyo ya kuwalinda raia kwa nguvu zenye kiasi inatambulika.

Rasimu mbili za azimio zikawekwa mezani. Ya Uingereza na Marekani ililaani utekaji wa ndege. Ilipata kura 6 za kuunga mkono, nchi 2 zikajizuia, nyingine 7 hazikushiriki, na kwa kuwa zinahitajika kura 9, ikaanguka. Ya Benin, Libya na Tanzania, iliyoilaani Israeli na kutaka Uganda ilipwe fidia, haikupigiwa kura kabisa.

Ningekuomba ulitazame hilo jina la Tanzania. Mwalimu Nyerere hakumtambua Amin hata siku moja, alikuwa amempa hifadhi Milton Obote, na miaka mitatu baadaye ndiye aliyempindua. Hata hivyo nchi yake ilisimama kuilaani Israeli, kwa kuwa iliona kwamba ikiwa taifa lenye ndege na makomando linaweza kuingia katika nchi ndogo kila linapoona haki iko upande wake, basi kinga pekee ya wanyonge imeondoka. Hoja hiyo ni nzito, na haitegemei Amin alikuwa mtu wa namna gani. Nami naona nchi za Kiafrika zilikosea mahali pamoja tu, napo ni pakubwa: zilitaja mipaka iliyovunjwa, zikanyamaza juu ya abiria waliotenganishwa chini ya ulinzi wa jeshi la mwenyekiti wao, na juu ya Wakenya waliokuwa wakiuawa wakati hotuba zikitolewa.

Kwa masomo yako, usiishie kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 2(4) kinachokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine na cha 51 kuhusu haki ya kujilinda, ambako mjadala huu huzunguka. Soma pia Mkataba wa Kimataifa Dhidi ya Utekaji wa Mateka, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 1979 baada ya Ujerumani Magharibi kuupendekeza mwaka uleule wa Entebbe. Kifungu cha 3 kinaitaka nchi ambamo mateka wanashikiliwa ichukue hatua zote inazoona zinafaa ili kuwapunguzia mateso na kupata kuachiliwa kwao, na wakishaachiliwa iwarahisishie kuondoka. Kifungu cha 14 kinasema kwamba hakuna lolote ndani ya mkataba huo litakalotafsiriwa kuwa linahalalisha kuvunja mipaka ya nchi kinyume cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lile ambalo Uganda haikulitenda na lile ambalo Tanzania ililipigania yote mawili yamo humo.